Ya kwanza Google siyo lazima iwe ya kweli (Sehemu ya 5)

 

Leo siongelei dawa wala chanjo. Naongelea kitu ambacho siku hizi kinaulizwa habari za mtoto kabla yangu mimi muuguzi: Google. Wazazi wengi wanafika wodini wakiwa wameshatafuta kwenye simu. Sina ugomvi na hilo, mzazi anayetafuta ni mzazi anayejali. Ugomvi wangu ni na sentensi moja: "Lakini nesi, hii ndiyo iliyotokea ya kwanza." Kana kwamba ya kwanza imeshapimwa maabara ikapita.

Msimamo wangu ni huu: ukurasa kuwa juu kunakuonyesha kwamba unafahamika. Hakukuonyeshi kwamba ni wa kweli. Na kwa sisi tunaotafuta kwa Kiswahili, tofauti hiyo inaweza kumgharimu mtoto.

Majibu yanapangwaje? Zamani injini nyingi za kutafutia zilitegemea sana maneno: ukurasa umetaja neno lako mara ngapi. Wajanja wakawa wanarudia neno moja mara mia ili waonekane. Mwaka 1998 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Larry Page na Sergey Brin, wakaeleza njia nyingine waliyoiita PageRank. Waliazima desturi ya wasomi: andiko linalotajwa sana na wenzake huhesabiwa kuwa la maana. Wakasema linki kutoka tovuti moja kwenda nyingine ihesabiwe kama kura. Tena kura hazilingani. Kura ya ukurasa ambao nao umepigiwa kura nyingi ina uzito zaidi.

Chukulia umehamia mtaa mpya, unamtafuta fundi wa kushona sare za shule. Watu kumi wakikutajia fundi mmoja, unaenda kwake. Mwalimu mkuu naye akimtaja, ndiyo kabisa. Ni njia nzuri, mimi mwenyewe ningeifuata. Lakini angalia: katika wote hao, hakuna lazima ya mtu yeyote kuukagua mshono. Wamemtaja tu.

Sasa sikia kinachofuata. Watu wengi hubofya majibu ya juu. Wanaofika ukurasa wa pili ni wachache. Aliye juu ndiye anayeonekana. Anayeonekana ndiye anayetajwa na wenye tovuti wengine. Akitajwa, anapata kura nyingine, na wageni wanazidi. Aliye chini anabaki chini, hata kama maelezo yake ndiyo sahihi. Mwenye nacho anaongezewa.

Na wageni ni pesa, jamani. Kuna matangazo, kuna bidhaa za kuuza. Ndiyo maana kura zenyewe zikaanza kununuliwa. Mwezi Februari 2011 gazeti la New York Times lilieleza jinsi duka kubwa la Marekani, JC Penney, lilivyokuwa likitokea juu kabisa kwa maneno mengi ya bidhaa, wakati maelfu ya linki zilizoelekea kwake zilikuwa zimewekwa kwenye tovuti zisizohusika kabisa na bidhaa hizo. Google ikalishusha. Aprili 2012 ikatoa mabadiliko yaliyoitwa Penguin, ya kupambana na linki za ujanja kama hizo. Leo Google inaangalia mambo mengi zaidi ya linki, na inasema kwa habari za afya inataka ubora wa juu zaidi. Nakubali, na nashukuru. Ila gazeti ndilo lililofichua duka la nguo na mashuka. Ukurasa wa Kiswahili unaouza dawa ya mtoto nani ataufichua?

Hapo ndipo penye hofu yangu. Kwa Kiingereza, kwenye jambo la afya ya mtoto kuna kurasa nyingi za hospitali, vyuo na mashirika, na zinatajana. Muuza dawa akitaka kupanda juu inabidi ashindane nazo zote. Kwa Kiswahili kurasa ni chache na zinazotajana ni chache zaidi. Pasipo na washindani, kura kidogo tu zinatosha kumpandisha mtu.

Chukua degedege. Mtoto anakakamaa, macho yamegeuka, mama anaandika "dawa ya degedege" huku mikono inatetemeka. Wakati huo hana nafasi ya kusoma kurasa tano. Atafuata ya juu. Ikiwa ya juu ni ya mtu anayeuza mizizi yenye namba ya simu chini yake, muda wa kumwahi mtoto hospitali unapotea. Basi shika hili sasa, kabla hujalihitaji: mlaze ubavu, mtolee vitu vya hatari pembeni, usimwingize kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote, mpeleke hospitali mara moja. Homa kali na malaria ni sababu za kawaida, na malaria hutibika ikiwahiwa.

Mtaniuliza, kwani wataalamu wa Kiswahili hawapo? Tupo. Ila maneno yetu yanaishia kliniki, kwenye mabango ya ukutani na kwenye magrupu ya WhatsApp. Grupu la WhatsApp Google hailioni. Skrinshoti haina linki ndani yake. Hata linki ya Facebook, ambayo inakuletea wasomaji, kwa kawaida haihesabiwi kama kura. Kwa hiyo elimu nzuri inazunguka mikononi mwa watu kila siku bila kuupandisha ukurasa wowote.

Ndiyo maana nasema mzigo huu tusimtwishe mama peke yake. Hospitali, vyuo vya uuguzi, mashirika, redio na magazeti yenye tovuti: wekeni maelezo ya afya ya mtoto kwa Kiswahili kwenye kurasa zilizo wazi, kisha tajaneni. Redio ikiongelea kuhara, iweke linki ya ukurasa wa hospitali unaoeleza ORS na zinki. Chuo kiweke linki ya Wizara ya Afya. Hazihitaji bajeti kubwa. Tukikaa kimya, wauzaji watapigiana kura wenyewe.

Na wewe mama, ukishika simu, fanya haya:

1. Ruka kwanza majibu yenye alama ya kudhaminiwa. Hayo yamelipiwa kukaa pale.
2. Kabla ya kuamini, tafuta aliyeandika. Ni hospitali, wizara, shirika la afya, au hana jina?
3. Ukurasa unaokupa ugonjwa na kukuuzia dawa yake hapohapo, ondoka.
4. Linganisha na unachoambiwa kliniki. Kichanga chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Asali hapewi mtoto chini ya mwaka 1. Ukurasa unaopinga haya, hata ungekuwa wa kwanza dunia nzima, ufunge.
5. Mtoto akiwa na hali ya hatari, acha simu, beba mtoto.

Ukija wodini na ulichosoma, usione aibu kunionyesha. Tutakisoma wote. Nitakuuliza swali moja tu: nani kaandika?

Sehemu ya 6 tutaongelea dawa za kikohozi za watoto. Maswali yaacheni hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.