'Ongea na mtu' ni sawa, lakini mtu gani?

Posti leo kwamba maisha yamekulemea. Majibu yatakuja mbio: "Pole msee, ongea na mtu." Ushauri poa. Swali langu ni moja tu: mtu gani?

Beshte yako ana masikio, usimdharau. Lakini naye ana kodi ya kulipa, na kabla umalize kusema atakuambia "kaza tu" ama "omba, itapita". Nilipoacha chuo kwa sababu ya karo, niliongea na watu wengi. Wote walinionea huruma. Hakuna aliyeniuliza nalala saa ngapi, ama ni siku ngapi sijatoka nje.

Hapo ndipo tiba ya mazungumzo inapotofautiana na kupiga stori. Si kulala kwa kochi kama kwenye muvi huku mzee wa miwani akiandika. Ni kazi. Mnakaa wawili, kwa siri, kwa muda mliopanga. Unataja kinachokusumbua zaidi. Mnatenganisha unachoweza kubadilisha na usichoweza. Unachagua hatua moja ndogo, unaijaribu wiki hiyo, kisha unarudi mnaangalia ilivyoenda.

Na usiniambie ni mambo ya matajiri wa Karen. Shirika la Afya Duniani lina mpango mfupi unaoitwa PM+: vikao 5, kila kimoja kama dakika 90. Unafunzwa vitu 4: kupumua polepole mwili utulie, kukabili tatizo hatua kwa hatua, kurudia shughuli ulizoacha, na kujenga mtandao wa watu wa kukushika mkono.

Mpango huo ulijaribiwa hapa hapa Nairobi kwa wanawake zaidi ya 400 wenye dhiki ya moyo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Walioongoza vikao hawakuwa madaktari bali wahudumu wa afya wa mtaani waliopewa mafunzo. Matokeo yalichapishwa 2017: miezi 3 baadaye, waliopitia vikao walikuwa na nafuu kuliko waliotumwa tu kwa muuguzi wa kliniki.

Sisemi vikao 5 vinatibu kila kitu. Ukiwa unasikia sauti ambazo wengine hawasikii, ama unawaza kujitoa uhai, nenda hospitali leo, na uende na mtu. Usinyamaze kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Sasa tufikirie pamoja. Mwaka wa 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, kila mmoja na mkoba wake. Wanabisha hodi, wanapima presha ya buda na sukari ya mathe. Kijana aliye chumba cha pili, ambaye hajala wala kuoga siku tatu, hawana cha kumpimia. Kwa nini wasifunzwe vikao kama hivi pia, wasimamiwe na wataalamu wa kaunti? Na walipwe kwa wakati, maana huwezi kubeba mizigo ya watu ukiwa na njaa.

Kikao kimoja kwa ofisi ya kibinafsi kinaweza kumeza pesa za boda za siku kadhaa. Ukimwambia kijana wa mtaa "ongea na mtu" bila kumwonyesha mlango anaoweza kumudu, umemwachia mzigo ule ule na umeongeza aibu juu yake.

Kwa hivyo wakija kuomba kura 2027, usiishie kwa jezi na mpira. Waulize: katika wadi yetu, huyo "mtu" anakaa wapi, na anapatikana siku gani?