Tendo la ndoa na kinga ya mwili

Huenda umewahi kusikia mtu akidai kwamba tendo la ndoa hufukuza mafua. Je, kuna ukweli wowote?

Upo, ila ni mdogo. Mnamo mwaka wa 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wilkes, Marekani, Carl Charnetski na Francis Brennan, walichapisha matokeo ya kupima mate ya wanafunzi 112. Walitafuta protini iitwayo IgA, ambayo hulinda mdomo, pua na koo dhidi ya viini vya magonjwa. Waliofanya mapenzi mara moja au mbili kwa wiki walikuwa nayo kwa wingi kuliko waliojizuia kabisa. Ajabu ni kwamba waliofanya mara tatu na zaidi hawakupata ziada hiyo.

Hata hivyo, hilo halithibitishi kwamba tendo lenyewe ndilo lililoleta kinga. Huenda ni utulivu wa moyo, kwa maana mfadhaiko wa muda mrefu hudhoofisha mwili.

Basi enyi wanandoa, msihesabu siku kwenye kalenda. Malizeni ugomvi kabla ya kulala.

Nawe mwanafunzi, anayekusihi akidai hii ni dawa anakuhadaa. Kinga ya mate haitakuepusha na virusi vya Ukimwi, ambavyo hushambulia kinga yenyewe. Pimweni kwanza nyote wawili, na msisahau kondomu. Tena, hakuna aliyeugua kwa sababu ya kusubiri.