TOLEO JIPYA HALIPONYI NAMBA

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuzihudumia Office za 2016 na 2019. Ofisi ya umma inayozitumia bado, iwe Mtumba au Kongwa, haina budi kuhamia toleo jipya, kwani programu isiyohudumiwa haipati tena marekebisho ya usalama. Lakini wapo wakuu wa idara wanaoamini kwamba toleo jipya litafuta makosa yote ya zamani. Hayo ni mawazo potofu.

Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. Karani akiichapa bila vistari, tarakimu tano za mwisho hugeuka sifuri, kimya kimya, na watu wawili waweza kubaki na namba moja. Hata toleo la karibuni, lenye mahali pa kuzima tabia hiyo, haliizimi lenyewe. Ndipo mwalimu wa Mpwapwa anapoambiwa dirishani kwamba hayumo kwenye orodha, na karani analaumiwa kwa uzembe!

Dawa ni kuipa safu nzima umbo la maandishi kabla ya kuchapa. Ikisha kuharibika, kubadili umbo hakurudishi kitu. Ni kurejea majalada ya karatasi, jina kwa jina. Kwa hiyo anayeamuru faili za zamani zifutwe siku ileile toleo jipya linapoingia, kabla namba hazijalinganishwa, anajitwisha dhamana asiyoweza kuilipa.