Tusionane kwenye kilio tu

Juma lililopita tuliwaahidi kwamba tutaongea juu ya wazee waliostaafu katika makampani, wale tunaowaita hapa Lubumbashi mapensioné. Tunaanza na jambo ambalo sisi wa komite tumeliona kwa macho yetu. Tangu mwanzo wa mwaka tumesindikiza jamaa katika vilio vingi, na karibu pa kila kilio tunakuta sura zilezile: wazee watano au sita waliofanya kazi pamoja miaka thelathini, wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema, wanauliziana habari. "Uko bado?" "Niko." "Na yule wa garage?" "Alikufa mwezi wa tatu, hukusikia?" Halafu wanaagana, kila mmoja anarudi katika lupango lake mpaka kilio kingine. Mzee mmoja alituambia bila kucheka: "Shiye tunaonana tu pa kilio. Siku yangu itafika, batakuya bote, na miye sitabaona."

Neno hilo lilitufuata mpaka nyumbani. Ndiyo maana juma hili hatuandiki juu ya mapishi wala juu ya masomo ya watoto. Tunaandika juu ya matembezi: kuwatoa wazee wetu pamoja, wakiwa hai, mahali ambapo hakuna maiti.

Vijana wengine wanatuuliza: kwa nini mapensioné wa kampani? Wazee wote si wazee? Ni kweli. Lakini huku Katanga mtu wa kampani aliishi maisha ya namna yake. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, reli ikafika hapa mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa mwaka 1911. Tangu miaka ya 1920 kampani ilitaka mfanyakazi akae kambini na mke na watoto, asiende na kurudi kwao kila mara. Basi ikaja nyumba, ikaja mposho, hospitali, masomo, foyer ambapo mama zetu walifundishwa kushona na kutunza watoto, cercle, uwanja wa mupira, fanfare, sinema. Mwaka 1967 serikali ilichukua kampani, baadaye ikaitwa Gécamines, na maisha ya kambi yaliendelea kwa namna ileile. Kwa watu wa reli ilikuwa karibu sawa. Saint-Éloi Lupopo yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1939, ilikomaa kati ya wafanyakazi wa reli. Watu walisema kampani ni baba, kampani ni mama. Mpaka leo tunaita siku ya sita siku ya posho, na wajukuu wetu hawajui tena kwamba jina hilo linatoka kwenye chakula kilichogawiwa siku ile.

Sasa fikirini mtu wa namna hiyo siku anapoacha kazi. Hakuacha mshahara peke yake. Aliacha watu aliokula nao, aliocheza nao, aliogombana nao juu ya Mazembe na Lupopo. Kati ya mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango mmoja wa kuondoka kwa hiari. Wengi wao hawakuwa wazee siku ile. Walikuwa na nguvu, wakasema watalima, watafanya biashara. Leo ndio wazee. Wametawanyika: mwingine Katuba, mwingine Ruashi, mwingine alirudi kijijini, mwingine yuko kwa mtoto wake Kolwezi. Na wengi wanakaa. Tunasema wanakaa kwa sababu ndiyo kazi yao mpya: kukaa mbele ya mlango, kutazama barabara. Mke anaenda sokoni, watoto wanaenda kutafuta, mzee anabaki na redio. Mama wengi wametuambia: "Tangu aache kazi hasemi." Wanadhani ni hasira. Mara nyingi si hasira, ni kukosa mtu wa kusema naye.

Basi mwezi wa sita tulijaribu. Tulishirikiana na kikundi cha mapensioné wa kartie yetu, tukakodi bisi ya watu thelathini, tukaenda Kipopo, ambapo kuna maji na miti na nafasi ya kukaa. Kusema kweli, kazi kubwa haikuwa bisi. Kazi kubwa ilikuwa liste.

Baba wa kikundi walituletea majina, na majina yote yalikuwa ya wanaume. Tukauliza: wajane wako wapi? Wakajibu kwamba wajane hawakufanya kazi ya kampani, na viti havitoshi. Hawakusema kwa ubaya. Kwao ilikuwa hesabu tu. Mama mmoja mjane, ambaye hasemi sana katika mikutano yetu, akasimama: "Mwenye kuenda ku kazi alikuwa bwana yangu. Mwenye kuamuka saa kumi ya usiku kumupikia, alikuwa miye. Miaka makumi mbili na tano. Sasa muniambiye nani alifanya kazi." Hakuna aliyemjibu. Liste ikaandikwa upya: wajane tisa, wanaume kumi na mbili, wake zao wanaojiweza watano, mama wawili waliokuwa infirmières wa kampani, vijana wawili wa kubeba vitu na kusaidia wanaotembea kwa fimbo. Sisi tunaona hivyo ndivyo inavyofaa, na hatutarudi nyuma juu ya hilo. Pensioné akifa, mke wake habaki mgeni kati ya watu aliowapikia na kuwapokea maisha yake yote.

Jambo la pili lilikuwa chakula. Katika matembezi mengi tunayoyajua, wanaume wanatembea na wanawake wanahamisha jiko tu. Mama anatoka nyumbani saa kumi na mbili na sufuria, anapika chini ya mti badala ya kupika nyuma ya nyumba, anarudi na sufuria chafu, na anaambiwa alipumzika. Tulikataa. Samaki na sombe vilipikwa na vijana wa chama usiku wa kuamkia safari, wavulana na wasichana. Bukari ilipigwa kulekule na baba wenyewe, wawili waliokuwa wapishi wa kantini wakiongoza. Ilitoka na madonge. Ililiwa yote. Mama wale tisa walikaa kwenye mikeka wakakunywa munkoyo, na mmoja alisema ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kungojea bukari ya mwanaume.

Yaliyofanyika siku ile yalikuwa madogo. Baba walicheza dame; wengine walichimba mashimo chini wakacheza kisolo. Kulikuwa na mzee aliyepooza upande mmoja miaka miwili iliyopita, ambaye maneno yake hayatoki vizuri. Mke wake aliogopa kumleta, akisema atawasumbua watu. Alikaa mbele ya ubao wa dame karibu saa tatu nzima, akatumia mkono wa kushoto, akawapiga watu wawili, na wa tatu alikimbia. Mzee aliyekuwa dereva wa treni alihesabu vituo vyote kutoka Lubumbashi mpaka Tenke, pale reli inapogawanyika, moja kwenda Kolwezi na nyingine kwenda Kamina. Wakagombana juu ya kituo kimoja mpaka jua likageuka. Mwingine alileta gitaa, akajaribu mtindo wa zamani wa vidole viwili, ule wa Mwenda Jean Bosco, na wazee wakaanza kusahihishana juu ya nyimbo. Vijana wawili waliacha simu zao wakasikiliza. Tuliwaomba safari ijayo watumie simu hizo kurekodi sauti za wazee, kwa ruhusa yao.

Na wajane? Wao waliongea mambo ya karatasi. Hatukupanga hivyo. Mmoja alisema tangu mume wake afe hajui kama ana haki yoyote pa CNSS. Mwenzake, ambaye anapata pensheni ya mjane, akamweleza alipeleka nini: cheti cha ndoa, cheti cha kifo, karatasi za kazi za marehemu. Wawili waligundua kwamba ndoa zao zilikuwa za kanisani na za kimila tu, hazikuandikwa kwa serikali. Sasa tunawasindikiza komini. Kwa hiyo tunawaambia mama wote ambao baba bado wako hai: chukueni cheti cha ndoa mapema, wekeni nakala mahali pakavu, na jueni numero yake ya CNSS. Ni neno gumu kusema mezani, lakini lisemwe.

Juu ya franka. Tulitoza franka 1,000 kwa mtu kila juma, majuma kumi na mbili. Si kila mtu aliweza. Tulikata shauri kwamba mhazini peke yake ndiye anayeona daftari, na majina ya wasiolipa hayasomwi mbele ya watu, hata siku moja. Pensheni ikichelewa, mzee anaona haya, na mzee mwenye haya hapandi bisi. Atasema goti linamuuma. Nafasi za waliokosa zililipwa na watoto wao au na chama. Na tafadhali, msichukue feza ya likelemba kwa matembezi. Feza ya likelemba ina mwenyewe na ina siku yake. Anayechanganya masanduku mawili atavunja yote mawili.

Kwa vikundi vingine vinavyotaka kufanya vilevile, wakati mzuri ni kiangazi. Mvua zikianza, barabara za nje zinakuwa matope na bisi inalala njiani. Lakini mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna baridi kali, kwa hiyo msiondoke mapema mno, na kila mzee awe na blanketi. Ulizeni kabla ya siku nani ana tansion na nani ana ugonjwa wa sukari. Sehemu ya samaki ipikwe bila chumvi nyingi; wenye sukari wasikae na njaa kungojea hotuba, na hotuba ziwe fupi au zisiwepo. Dawa za kila mmoja ziwe katika mfuko wenye jina lake. Mtu mmoja atangulie kutazama choo kikoje, kwa sababu mama mzee asipojua choo kiko wapi hatakunywa maji siku nzima, na jua litamwangusha. Bisi isimame kila saa moja. Likasi ni karibu kilometa 120, inawezekana kwa wenye nguvu. Kolwezi ni mbali mno kwenda na kurudi kwa siku moja, hata kama baba wanasisitiza.

Na bila bisi pia kuna la kufanya. Mapensioné wanaweza kukutana mara moja kwa juma chini ya mwembe wa mmoja wao, na dame na chai. Wanaweza kwenda musée au zoo, hapahapa mjini, wakiwa na wajukuu wachache. Wajukuu wasiwe wengi, maana safari inageuka kazi ya kulinda watoto. Wanaweza kutazama pamoja michezo ya Mufwankolo. Na kabla ya yote, wapange zamu ya kumtembelea aliyelala mgonjwa. Wawili wawili, si umati. Umati unamtisha, anadhani wamekuja kumwaga. Mzee wa ubao wa dame sasa anatembelewa kila siku ya nne. Mke wake ametuambia siku hiyo anapata nafasi ya kwenda sokoni bila kukimbia.

Kuna wanaotuambia: watu hawana chakula, na ninyi mnaongea juu ya matembezi. Tumelisikia, na hatulicheki. Lakini tunaona namna watu hao hao wanavyochanga kwa kilio: jeneza, hema, bisi ya kwenda makaburini, chakula cha siku tatu. Bisi ile ya makaburini tunaipata daima. Tunachoomba ni kwamba mara moja au mbili kwa mwaka ipatikane kwa wale ambao bado wanaweza kupanda wenyewe.

Safari inayofuata ni siku ya posho ya mwisho wa mwezi wa nane, Kipopo tena. Wazee wenyewe wamepachagua. Bisi inaondoka saa tatu ya asubuhi, mbele ya lango la paroisse. Viti vinne vya mbele ni vya wanaotembea kwa fimbo, na viti kumi ni vya wajane. Visijazwe na mtu mwingine kabla mama wa komite hajapita katika malupango yote. Wanaotaka kuchangia unga, mafuta au maji, wapeleke kwa mama mhazini kabla ya siku ya tano. Mwenye ubao wa dame wa pili aulete, mmoja haukutosha. Baba watakaopiga bukari tayari wameandikwa.