Nani Asema Mwigaji ni Mwizi?

Kuna wenzetu hapa shuleni wanaodai eti mwanafunzi anayechora chui wa madoadoa kwa mtindo wa Tingatinga ni mwizi wa jasho la marehemu. Mimi napinga, tena kwa sauti kubwa.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka wa 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge kule Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani. Uchoraji aliuanza mwaka wa 1968 akiwa mtu mzima. Hakungoja turubai wala rangi za bei ghali, bwana! Alichukua vipande vya mbao za dari na rangi ya kupakia baiskeli, ile inayong'aa. Picha zake zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, mtaa wa Oysterbay, na wageni wakazipenda ajabu.

Sasa sikilizeni. Soko lilipopanuka hakuwafungia jamaa zake mlango. January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah, Simon Mpata na wengineo waliketi kando yake wakaiga mkono wake mpaka mikono yao ikakomaa. Mpata baadaye akauleta ufundi huo hapa Nairobi. Je, ni wizi gani huo ambao mwenye mali mwenyewe ndiye anayekukabidhi ufunguo?

Mwaka wa 1972 polisi walimpiga risasi akafa, wakidhani gari alimokuwa ni la wahalifu. Lo! Miaka minne tu ya kuchora. Lau wanafunzi wake wangaliona haya kuiga, mtindo huo ungalizikwa naye. Walakini walishikana, na mwaka wa 1990 kikaundwa chama chao cha ushirika.

Najua wapo wanaofyatua pundamilia kama matofali ili watalii wanunue. Kazi hizo hazinipendezi hata kidogo, lakini huo ni uvivu, si wizi. Mwizi hasa ni yule anayechora leo na kutia sahihi ya marehemu, kwa vile picha za mkono wake mwenyewe zina bei kubwa. Mpata alijifunza kwake, lakini chini ya picha aliandika Mpata.

Basi nyinyi wachoraji wa kidato cha pili, chui wenu tumewaona ukutani pale maktabani. Mbona hamkuandika majina yenu?