Usimwage urea kwenye vumbi
Februari 2024, katika shamba nililokodi nje ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, nilimwaga mbolea ya urea kwenye mahindi yaliyofika magotini. Mama mwenye shamba alinisihi ningoje wingu, sikumsikia. Mvua ikakata. Nilipofukua kwa kidole, punje zilikuwa zimelainika kwa umande, na harufu kali kama ya mkojo ikanipanda puani.

Harufu ile ndiyo naitrojeni, yaani pesa yangu, iliyokuwa ikipaa. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, lakini mzizi hauli punje kavu: hunywa kilichoyeyuka majini. Majani ya chini yakaanza kuwa ya njano katikati, kuanzia nchani. Mmea wenye njaa huyanyima majani makongwe ukayalisha machanga.

Machi ile Rais wa wakati huo, Lazarus Chakwera, alitangaza hali ya maafa kwa sababu ya ukame katika wilaya 23 kati ya 28. Nawaomba wanaopanga ruzuku ya mbolea kule Lilongwe: urea isitolewe peke yake. Iandamane na mafunzo ya mboji, inayoshika unyevu, na taarifa za mvua za kila wiki. Mimi sasa natia urea shimoni na kufukia, nusu kwanza, nusu mvua ikikolea. Na mama yule namuuliza kabla sijafungua mfuko.