Kura Yako, Jina la Nani?

Tulipochagua viranja muhula uliopita nilimuuliza jirani yangu wa deski kwa nini kampigia kura mvulana fulani. "Si babake ni mkubwa, bwana!" Huyo baba hasomi hapa, wala hatakuja kutuamulia ugomvi wa foleni ya ugali.

Uingereza ya karne ya 18 ingempendeza sana jirani yangu. Mnamo 1691 Thomas Pitt alinunua Old Sarum, mji uliokwisha kuhamwa, wapiga kura wake wa kuhesabu kwa vidole. Ulikuwa na viti viwili bungeni! Mjukuu wake, William Pitt, aliingia kwa mlango huo mwaka 1735, na baadaye akawa waziri mkuu. Kwingineko mpangaji alitaja mgombea wake hadharani, mwenye shamba akimsikia. Nani angethubutu? Old Sarum ilifutwa 1832, na kura ya siri ikaja 1872.

Msicheke. Hapa kwetu mwaka 1988 wanachama wa KANU walipiga mlolongo kuwateua wagombea, kila mtu akionekana yuko nyuma ya nani.

Sasa tuje Kwale. Marehemu Juma Boy alikuwa mbunge na kiongozi wa wafanyakazi katika COTU. Mwanawe, Boy Juma Boy, aliwahi kuwa mbunge wa Matuga, na 2013 akawa seneta wetu wa kwanza. Mwaka 2017 kiti kikaenda kwa nduguye Issa, aliyekitetea 2022. Je, hii ni Old Sarum? La hasha! Walichaguliwa kwa kura za siri za maelfu ya watu, na wapinzani walikuwepo. Mwana wa mbunge ana haki ya kugombea sawa na mwana wa mvuvi wa Gazi. Mimi nawalaumu wapiga kura: tukishalijua jina, hatuulizi tena habari za maji wala basari.

Tena kukataa tunaweza. Msambweni, Desemba 2020, Raila Odinga, mwana wa Jaramogi, alimpigia debe Omar Boga wa ODM. Watu wakamchagua Feisal Bader, mgombea huru. Mtasema naye alibebwa na William Ruto, naibu wa rais wakati ule. Kweli, lakini jina zito la Odinga halikutosha.

Karibuni tunachagua kiranja wa bwalo. Jirani yangu ameshaanza kuuliza nani ni mtoto wa nani. Mimi nimemuuliza nani hatawapitisha rafiki zake mbele ya foleni. Bado anafikiri.